Magunia Mia na Themanini ya Kimwani

Ukimuuliza Muharami bin Sefu uzito wa kitu, alikujibu kwa magunia ya kahawa. Kengele ya kanisa ilikuwa magunia kumi na tisa. Trela ya trekta, ishirini na tano. Mkewe Zabibu alipojifungua mtoto wa tatu, makuli wa gatini walimuuliza mtoto ana uzito gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Huyu bado. Pishi moja na kibaba."

Hakuwa anatania. Muharami alisoma chuo cha Kurani na madarasa mawili ya shule ya serikali. Babu yake alikuja Bukoba kutoka Tanga akiwafuata wafanyabiashara, akaoa, akabaki. Yeye mwenyewe alianza kazi ujanani katika ghala la kahawa karibu na gati, akibeba magunia mgongoni. Gunia la kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa, lilikuwa kilo sitini. Baada ya miaka saba ya kubeba, mgongo wake ulizijua hizo sitini kama ulimi unavyojua chumvi.

Aliyemtoa ghalani ni Clavery Byabato, mtu wa kijiji cha Kimwani, kando ya ziwa, ambaye wazazi wake walimleta Bukoba akiwa na miaka kumi na mbili ili asome, naye akaishia katika biashara ya kahawa. Mwaka mmoja baada ya uhuru Clavery aliuza kila alichokuwa nacho, akanunua huko Kisumu tishari kuukuu la chuma, lenye winchi ya dizeli na mkono wa kunyanyua tani kumi. Kuli mmoja wa Kihaya alipoliona likivutwa na boti kuingia Bukoba, alisema, "Enjojo," yaani tembo. Jina likaganda. Sisi wafanyakazi wake tulimtaja Enjojo kama mnyama: Enjojo amelala, Enjojo ana kikohozi, Enjojo hataki mafuta haya.

Wakati ule meli zilileta watu, ndizi na magunia. Kitu kilichozidi nguvu za winchi zao kilibaki Mwanza kikisubiri mtu wa kukifikiria. Mtu huyo akawa Clavery. Tulileta jenereta ya hospitali, mashine ya kupasulia mbao, mapipa ya kuchemshia mafuta, na zile transfoma mbili ambazo mji mzima ulishuka ziwani kuzitazama. Tulikuwa watu kumi na wanne, wenye mashati ya kaki yaliyoandikwa mfukoni BYABATO MIZIGO MIZITO. Jumapili baadhi yetu tulikwenda nayo kanisani.

Mimi niliajiriwa Januari 1963, nilipomaliza sekondari, kuwa karani wa mizigo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunga fomu ambayo mwenye mzigo angeijaza. Nilimwendea Muharami, ambaye ndiye aliyeendesha winchi, nikamuuliza anahitaji kujua nini.

"Uzito," alisema.

"Kwa ratili, kwa kilo, au kwa tani?"

"Karani, mzigo wa Mwingereza unakuja na ratili. Wa Mjerumani unakuja na kilo. Tani nasikia ziko mbili, na zote zinaitwa tani. Mimi nikishika huu mpini nina watu sita chini. Niandikie magunia."

Niliandika: Uzito wa mzigo (magunia). Kisha mstari wa nukta. Nilijisifu moyoni kwa jinsi fomu ilivyokaa vizuri.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja. Hamidi, mfungaji wa minyororo, alizungusha mnyororo kwenye mzigo, akaweka kulabu, akarudi nyuma hatua tatu, akainua mkono. Muharami alinyanyua mzigo kiganja kimoja kutoka chini. Kiganja tu. Hapo alisimamisha winchi na kusikiliza. Waya wa chuma una sauti yake ukibeba, na alitaka kuisikia yote. Akiridhika alisema, "Haya, twende," na mzigo ukapanda. Wenye haraka walichoka naye. Msimamizi mmoja kutoka Mwanza aliwahi kumwambia, "Mzee, unanyanyua au unaswali?" Muharami akajibu, "Vyote viwili."

Mwaka 1969 tulipakia injini ya kupasulia mbao ya mfanyabiashara mmoja wa visiwani ambaye sitamtaja. Kwenye fomu aliandika magunia 140. Alikuwa amepunguza ili tusimkatae. Ilikuwa zaidi ya mia mbili. Muharami alinyanyua kiganja kimoja, akasimamisha, akasikiliza, na waya ukakatika hapo hapo. Injini ilianguka urefu wa kiganja. Urefu huo ulitosha. Hamidi alikuwa amerudi hatua mbili badala ya tatu.

Hospitali walimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Muharami alikaa naye siku tisa. Siku ya kumi alirudi kazini, akamwambia Clavery mbele yetu sote, "Kuanzia leo, magunia mia na sitini. La mia na sitini na moja utafute mtu mwingine. Na mtu hataumia tena chini ya kulabu yangu." Hakupandisha sauti. Alikwenda kubadilisha waya.

Hamidi alipotoka hospitali tulimpa kazi ya kutunza stoo. Mtu akimpa pole alijibu, "Mguu umetangulia, unanishikia nafasi."

Miaka iliyofuata sijui niieleze vipi, kwa sababu hakuna siku moja ninayoweza kuionyesha na kusema hapa ndipo tulipoanguka. Wenye mashamba makubwa waliuza, wakaondoka. Mashine zikawa zinaagizwa na mashirika, na mashirika yalikuwa na malori yao. Waya wa chuma ulihitaji kibali, na kibali kilihitaji kibali. Clavery hakuwa tena mtu wa kusifiwa.

"Usiniite tajiri mbele za watu," alimwambia Muharami siku moja gatini. "Siku hizi hilo ni tusi."

"Nikuite nani?"

"Niite ndugu."

Muharami alilitafakari. "Sawa, ndugu tajiri."

Tulicheka. Hata Clavery alicheka, akifuta jasho. Lakini mwaka huo tulipunguza watu wanne, na mwaka uliofuata wanne tena. Enjojo alikaa wiki tano, sita, amefungwa palepale, ubavu wake ukiota majani ya ziwa. Muharami alikuja kila asubuhi kutoka Kashai, akapaka winchi grisi, akaiwasha dakika kumi, akaizima. Zabibu alimwambia hata mgonjwa haangaliwi hivyo.

Ndipo mwaka 1974 ikaja kazi ya Kimwani. Vijiji vilikuwa vinapangwa upya, na iliamuliwa mashine za kukoboa kahawa zilizoachwa na wenyewe kando ya ziwa upande wa Muleba zikusanywe katika kituo kimoja kipya, karibu na Rwamishenye, hapa Bukoba. Zilikuwa saba. Ya Kimwani ilikuwa ya kwanza. Clavery aliambiwa: ukiileta hiyo, sita zilizobaki ni zako. Usipoileta, tutatafuta malori.

Alirudi ofisini akaketi juu ya meza yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Saba," alisema. "Hizo ni za mwaka mzima. Tutapata waya. Tutawarudisha watu." Akamgeukia Muharami. "Na hiyo mashine naijua, nimekua nikiiona. Haifiki magunia mia na arobaini."

"Fomu inasemaje?" Muharami aliuliza.

Fomu tulikuwa tumeipeleka, lakini majibu hayakuwa yamerudi. Tulikubaliana tutaichukua hukohuko.

Tulifika mwalo wa Kimwani saa nne asubuhi, boti ikituvuta polepole. Wanakijiji walikuwa wameshaiburuta mashine juu ya magogo kutoka kilimani, kazi ya siku mbili, na sasa walikuwa wamekaa kwenye majani wakila ndizi za kuchoma, wamechoka kama sisi. Mwenyekiti wao, mzee Kamugisha, alitupa buni za kutafuna kama desturi, akaniletea fomu iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Uzito wa mzigo (magunia): 180.

Nilimpa Muharami. Namba alizijua. Aliitazama ile karatasi, akaizunguka mashine mara moja, akaigonga kwa vifundo vya vidole hapa na pale. Kisha akaingiza mikono mifukoni.

"Nani aliandika hii?"

"Katibu wetu, Joviana," Kamugisha alisema. "Leo hayupo, waitu, kaenda Muleba kwenye mkutano."

"Hakukosea?"

Mzee alionekana kuumia kidogo. "Katibu wetu hakosei. Alipiga hesabu mara tatu, mimi nimekaa pale. Ni mia na themanini."

Clavery alimshika Muharami mkono, akamsogeza pembeni, lakini si mbali, kwa hiyo tulisikia. "Karatasi imekosewa. Nakwambia naijua mashine hii. Nilikuwa napanda juu yake nikiwa mtoto."

"Yule wa visiwani naye aliandika karatasi."

"Yule alidanganya."

"Alidanganya kupunguza. Mwenye mzigo hupunguza ili umbebee. Umewahi kuona mtu anadanganya kuongeza? Kama wamesema mia na themanini, basi ni hiyo au zaidi."

Clavery aliigeukia mashine. "Kiganja kimoja tu," alisema. "Nyanyua kiganja, ikikataa tunaondoka."

"Kiganja ndicho kilichochukua mguu wa Hamidi."

"Basi nitashika winchi mimi."

Muharami alipanda kwenye Enjojo, akauchomoa mpini wa winchi, akashuka nao, akampa. Clavery aliupokea kwa mikono miwili. Alitazama mashine, akawatazama watu wetu watatu waliokuwa wamesimama na minyororo, mmoja wao kijana aliyeoa mwezi uliopita. Kisha akauweka mpini juu ya mchanga.

"Ndugu tajiri," Muharami alisema, na safari hii hakukuwa na utani, "nina watoto watano. Ile winchi ndiyo kibanja changu, ndiyo shamba langu, sina kingine. Ungeniambia nichague kati ya winchi na mguu wangu, ningekupa mguu. Lakini mguu wenyewe si wangu."

Tulirudi tupu. Safari ilichukua siku nzima.

Kazi ya mashine saba ilikwenda kwa malori. Clavery alijaribu miezi sita mingine. Enjojo akaburutwa nchi kavu, akakatwa vipande kwa gesi, kuanzia ule mkono wa kunyanyulia. Muharami alikuja kutazama siku ya kwanza, siku ya pili hakuja. Clavery alihamia kwa mwanawe Mwanza. Alikufa huko mwaka 1976, na nilimwandikia mkewe barua.

Muharami alifungua banda la mkaa na maharage Kashai, mbele ya chumba alichopanga. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza. Zabibu aliwaambia majirani, "Wengine waume zao wamefukuzwa na serikali, wengine na Wahindi. Wangu kajifukuza mwenyewe." Alisema hivyo mwaka mzima, halafu akachoka kusema. Hamidi alikuja kila siku na fimbo yake, akakaa juu ya gunia, na kila mteja mgeni alisikia habari ya Kimwani: jinsi mashine ile ingekata waya, ingetoboa tishari, na watu saba wangezama, isingekuwa Muharami kukataa. "Na kwa nini alikataa?" Hamidi aliuliza, kisha akagonga kile kigutu kwa fimbo. "Kwa sababu ya huyu. Huyu mmoja alinunua watu saba. Bei nzuri."

Mimi nilipata kazi ya ukarani katika kile kituo cha kukoboa cha Rwamishenye. Mashine ya Kimwani ilichelewa kuliko zote. Ililetwa imefunguliwa vipande, kwa malori matatu, katika muda wa karibu miaka mitatu, na vipande vingine vilipotea njiani vikabidi kutengenezwa upya. Kipande cha mwisho kiliingia Agosti 1977. Aliyekileta alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama thelathini na mitano, amevaa miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa amekaa mbele na dereva, na magotini alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Mimi ni Joviana, katibu wa Kimwani," alisema. "Hiki kibati nilikibandua mwenyewe mwaka 1974, watoto walikuwa wanataka kukifanya sahani. Kinatakiwa kurudi mahali pake."

Kilikuwa cha shaba. Kilikuwa na jina la kiwanda, mwaka, na chini yake: KG 8100.

Nilikisoma mara mbili. Nikachukua kalamu, nikagawa kwa sitini pembeni mwa gazeti. Mia na thelathini na tano.

"Dada," nilimwambia, "ile fomu yetu uliandika magunia mia na themanini."

"Ndiyo. Nilikuwa na kilo, fomu ikataka magunia, nikagawa."

"Kwa ngapi?"

"Arobaini na tano." Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyechelewa. "Gunia la kahawa ni kilo arobaini na tano."

"La maganda."

"La maganda, ndiyo. Sisi tunavuna, tunaanika, tunauza na maganda yake. Hiyo safi mnaiona ninyi wa mjini. Kimwani ukisema gunia, ni gunia la maganda, lipi lingine?" Akakunja kile kitambaa. "Bwana Byabato alizaliwa pale. Nilidhani atajua."

Sikumwambia zaidi. Alikuwa amefanya hesabu yake sawasawa, na alikuwa na safari ya kurudi. Nilimtafutia skrubu za kile kibati.

Ilinichukua siku nne kwenda Kashai. Nilikwenda Jumamosi mchana, Muharami akiwa peke yake akichambua mawe katika maharage. Alinipa kigoda. Alizeeka kichwani, si mikononi.

"Karani, una uso wa fomu," alisema.

Nilimweleza. Sikuzunguka sana. Nilipotaja kilo elfu nane na mia moja, niliona midomo yake ikicheza kidogo, na kabla sijafika mwisho alikuwa amekwisha fika.

"Mia na thelathini na tano," alisema.

"Ndiyo."

"Enjojo angeibeba huku anasinzia."

Aliokota jiwe dogo katika maharage, akalitupa. Akaokota lingine.

"Fomu niliitunga mimi," nilisema. "Ningeongeza neno moja tu. Magunia ya safi."

"Uliniuliza, nikakwambia magunia. Miaka kumi na miwili nimeuliza watu ni mangapi. Sikuwahi kuuliza ni ya nini." Alisema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Mashine saba, Karani."

"Saba."

Mama mmoja alikuja kutaka mkaa debe moja. Muharami alisimama, akampimia, akamshindilia juu vizuri kama kawaida yake, akarudi kukaa. Kisha akasema:

"Hamidi asijue."

"Sawa."

"Si kwa ajili yangu. Mimi nilipoteza winchi, na nilikuwa nimekosea. Ni sawa, watu hukosea. Lakini yeye kwa ule mguu amekwisha kununua kitu. Ukimwambia watu saba hawakuwa hatarini, mguu umekwenda bure. Ulikuwa wa injini ya mwongo, basi. Mtu atakaa na nini?"

"Sitasema."

"Na kwenye daftari lako, lile unaloandikia habari zetu?"

Nilimwambia daftari langu halisomwi na mtu. Wakati ule ilikuwa kweli. Hamidi alifariki mwaka jana, na Muharami mwenyewe ndiye aliyeniambia sasa naweza kuandika.

Tulisikia fimbo kabla hatujamwona. Hamidi aliingia akilalamika jua, akalalamika vumbi, akaketi juu ya gunia lake.

"Mnanong'ona nini? Mnatafuta wake?"

"Tunasema habari za magunia," Muharami alijibu.

"Wazee nyie hamna jingine." Akamgeukia yule mama, aliyekuwa bado nje akikunja kata ya kubebea debe. "Dada, unamjua huyu anayekuuzia mkaa? Huyu aliokoa watu saba Kimwani. Kulikuwa na mashine ya magunia mia mbili..."

"Mia na themanini," Muharami alimsahihisha.

"Mia na themanini, mia mbili, zote si zingewazamisha?"

Muharami aliinama kwenye ungo wake. Niliona kidole chake kikitembea juu ya maharage, kikitafuta.

"Zingewazamisha," alisema. "Mmalizie, ana haraka."